R Niliyompa Bibi Yako

Mwanangu Minza,

Ni saa tisa na nusu alasiri, niko dukani, na hii ni mara ya nne nainuka kwenye kiti bila sababu. Nimefungua droo nikaifunga. Nimehamisha boksi la karatasi kutoka kulia kwenda kushoto, halafu nikalirudisha. Wewe uko Igogo kwa shangazi yako unaaga, mama yako yuko nyumbani anakunja nguo ambazo ulishazikunja mwenyewe, na kesho alfajiri basi linakuondoa stendi ya Nyegezi. Nami nina jambo la kukuambia ambalo kila nikikutazama usoni linageuka kuwa jambo lingine. Jana nilikuita nikuambie, ukaja, ukasimama mlangoni, nikakuuliza kama soksi unazo.

Kwa hiyo naandika. Nikimaliza nitakimbia nyumbani nimwachie mama yako bahasha hii akupe ukirudi, kisha nitarudi dukani. Usinione mwoga. Au nione tu, leo nimestahili.

Sitasema habari za kutopokea vinywaji vya watu kwenye basi, wala za kumpigia mama mdogo ukifika Dar. Hayo mama yako ameyasema hadi kuta zimeyakariri. La kwangu ni moja, na ni baya.

Zile nakala kumi zilizo kwenye begi lako, ulizoniachia flashi Jumatatu nikuchapie uende nazo kwenye kongamano la waandishi, hadithi iliyomo ndani yake siyo uliyoiandika. Nimeigusa. Nimeisahihisha, Minza, kuanzia jalada hadi ukurasa wa mwisho, bila kukuuliza. Nilipomaliza nikaihifadhi juu ya ile ile yako, kwa hiyo hata kwenye flashi yako haimo tena. Najua kompyuta yako ilikufa mwezi uliopita. Najua hukuwa na nyingine.

Kaa kwanza. Ukishakasirika vya kutosha, endelea kusoma.

Jumatatu ulipita hapa mbio mbio. Ulisema, "Baba, zinatakiwa kumi. Siku ya pili kila mtu anasoma yake mbele ya wachapishaji, halafu wanachagua wawili wabaki kufundishwa uhariri." Ukaniambia hivyo kama mtu anayesema bei ya nyanya, lakini flashi uliishikilia hadi nikaivuta mkononi mwako. Nikaona. Nikajiambia, huyu mtoto sitaki aende akachekwe.

Nikafungua. Jalada linasema: Karamu ya Bibi. Nikatabasamu. Nikadhani umepitiwa, maana hadithi ni ya bibi anayemtuma mjukuu dukani akamnunulie cha kuandikia, na hicho ni kalamu. Karamu ni ya arusi, watu wanakula pilau wanashiba. Nikabadilisha. Ukurasa wa pili bibi anasema "umereta maji?" Nikabadilisha. Wa tatu anasema "habali". Nikabadilisha. Kufika wa tano mkono ulikuwa unakwenda peke yake, kama enzi zile nilipokuwa msahihishaji kiwandani. Sikuwa nasoma tena. Nilikuwa nawinda.

Nikazichapa, nikazibana vizuri, nikazifunga zote kwa karatasi ya kaki na gundi zisichafuke njiani. Ulipokuja kuzichukua nilikuambia, "Ungefungua ukague." Ukacheka ukasema, "Nikague kazi ya Baba Msahihishaji? Wewe huwa hukosei." Ukanikumbatia mbele ya wateja. Nilitembea na sifa hiyo siku nzima, nikanunua hata soda.

Lakini nilikuwa nimejichapia nakala ya kumi na moja, ya kwangu. Jana mchana nikaifungua nile nayo chakula, nikaisoma sasa kama msomaji. Nilipofika ukurasa wa tisa kijiko kikasimama. Nikajiuliza, huyu bibi ni nani? Anaongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Anamwambia mjukuu, "Ukishika kalamu hutalala njaa," na maneno hayo yamekaa kama yale yanayopakwa rangi kwenye ukuta wa shule, ambayo hakuna mtoto amewahi kuyasoma. Ndipo nikakumbuka wewe ulivyokuwa umeandika. Karamu. Ukishika karamu hutarara njaa. Na mtoto katika hadithi, anayerudi kutoka dukani mikono mitupu kwa kuwa alidhani bibi anamtania, anamwambia, "Karamu gani, Bibi, na sisi hata mchele hatuna?" Nikaona kumbe hadithi nzima imeegemea herufi hiyo moja, na mimi nimeing'oa kama nguzo ya banda, nikakufungia banda lililoanguka kwenye kaki na gundi.

Sikumaliza kula.

Sasa kwa nini. Hili sijawahi kukusimulia, na mama yako anajua nusu tu.

Mimi nimezaliwa Magu, na kwetu R ilikuwa mgeni. Kisukuma cha mama yangu hakikuwa na haja nayo, basi na Kiswahili chetu kilipita bila kuisalimia. Nilipokuwa darasa la pili nilinyoosha kidole nikasema, "Mwalimu, naomba luhusa." Mwalimu akasema sema vizuri. Nikasema luhusa. Akasema simama hapo mpaka uiseme. Watoto wakaanza kucheka, na kadiri walivyocheka ndivyo ulimi ulivyozidi kuwa mzito. Nilisema luhusa, luhusa, luhusa, mpaka ruhusa yenyewe haikuhitajika tena, kaptura imelowa na sakafu imelowa. Miaka mingapi imepita, na bado naweza kukuonyesha kila mtoto alikuwa amekaa wapi.

Mwaka ule nilikuwa nikitumwa maji ziwani najificha nyuma ya mawe na kujisemea rarua, rudi, ruka, ringa, hadi taya linauma. Nikaipata. Na nilipoipata nikaishika kama mtu aliyeokota shilingi, sikuiachia tena. Nikawa wa kwanza kwa Kiswahili shule nzima. Ndiyo iliyonipa kazi ya usahihishaji kwenye kile kiwanda cha uchapaji hapa mjini. Wewe unanijua nikiwa na kalamu nyekundu sikioni. Ilianzia kwenye kaptura ile.

Unajua kuwa hata huko kiwandani nilivurunda? Ilikuja kadi ya sendoff, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, imeandikwa "Mahali: Ukumbi wa Parokia." Mimi, kijana wa R, nikaona hiyo L nikasema huyu naye ni Msukuma mwenzangu, nimstiri. Nikaandika "Mahari: Ukumbi wa Parokia." Zikachapwa, zikagawiwa. Baba wa binti akaja na kadi mkononi, mzee wa Kwimba, mpole, akaniuliza taratibu, "Kijana, mimi nilitaja ng'ombe. Sasa huu ukumbi nitauchunga wapi?"

Kiwanda kizima kilicheka isipokuwa mkuu wetu, Mzee Joakimu, Mhaya mmoja mtulivu ambaye maisha yake yote ya usahihishaji alitumia penseli. Aliniita pembeni akanipa moja. Akasema, "Usipojua, usifute. Chora alama ya kuuliza pembeni, kisha nenda kamuulize mwenye maneno yake." Nikasema asante mzee. Nikaitia penseli kwenye droo nikarudi kwenye kalamu yangu nyekundu, kwa sababu mtu anayeuliza anaonekana hajui, na mimi nilikuwa nimeapa sitaonekana tena hivyo mbele ya watu.

Ngoja, niiweke barua pembeni kidogo.

Nimerudi. Amepita Mama Kulwa wa dagaa, anataka kopi ya kitambulisho. Nitakuambia alichosema, lakini kwanza nimalize habari ya bibi yako, maana nikiiacha hapa nitatoka nje kununua vocha nisiyoihitaji.

Siku ya ubatizo wako bibi alikuja kutoka Magu na jogoo kwenye kikapu. Tulifunga turubai uani, wakaja watu wa parokia, wakaja na wenzangu wa kiwandani. Watu walipokwisha kuketi, bibi akasimama. Hakuna aliyempangia. Alisimama tu, amevaa kitenge chake kipya, akasema, "Wageni wetu, kalibuni sana. Mimi ni mama yake na huyu. Nawashukulu." Na kabla hajaendelea mimi nikapaza sauti kutoka upande wa pili wa turubai, "Mama! Karibuni! Ka-ri-bu-ni!"

Watu wakacheka. Mimi nikacheka zaidi yao. Bibi naye akacheka, akajifunika mdomo kwa pembe ya kitenge, akakaa. Alikuwa hajamaliza. Hadi leo sijui alitaka kusema nini siku ya ubatizo wako, na hakuna mtu mwingine wa kumuuliza.

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mimi niliyelowa kaptura kwa ajili ya R ndiye niliyemchoma nayo mama yangu.

Wewe ulikuwa na miaka minne alipokuja kuishi nasi baada ya babu kufariki. Sasa sikiliza hapa, mwanangu, kwa sababu hili ndilo hulijui. Kabla ya siku ile ya turubai mama yangu alikuwa akisema kalamu. Kalamu, na L yake imekaa mahali pake, kama mtu mwingine yeyote. Alikuwa akisema leta, alikuwa akisema lala. Aliporudi kwetu alikuwa akisema reta, rara, karamu. Nilidhani uzee. Haukuwa uzee. Alikuwa amekaa Magu miaka yote ile akijifunza peke yake, na kwa kuwa hakuwa na wa kumwelekeza R inakaa wapi, aliitia kila alipoweza, na penyewe pa R mara nyingine akapasahau, ili siku nyingine akisimama mbele ya watu asimwaibishe mwanawe. Ile karamu uliyoikuta kinywani mwake, ukaipenda, ukaitungia hadithi, hakuzaliwa nayo. Ni R niliyompa mimi.

Nami nilifanya nini? Nilimcheka tena. Nilikuwa nikiwasimulia wateja hapa dukani, "Mama yangu kaniomba karamu, na hata kuku hajachinjwa." Wewe ulikuwa umekaa chini ya meza hii hii unachora kwenye karatasi zilizoharibika. Ulikuwa unasikia. Kumbe ulikuwa unasikia kitu kingine kabisa na nilichokuwa nasikia mimi.

Bibi alipofariki ulikuwa kidato cha tatu. Ulilia kwa sauti, mimi sikulia. Nilisahihisha tangazo la msiba.

Basi, Mama Kulwa. Unajua tangu asubuhi ya leo nimekuwa najaribu kurudisha hadithi yako ilivyokuwa. Nilijaribu kila kitufe cha kompyuta, hakuna kinachorudi hadi Jumatatu. Imebidi niirudishe kwa mkono, neno kwa neno, na nimegundua siwezi kujua herufi iwe ipi mpaka nimsikie bibi. Kwa hiyo nasoma kwa sauti, hata pale nilipoiweka barua hii pembeni. Niko peke yangu dukani, mtu mzima mwenye mvi, nasema, "Umereta maji, mjukuu wangu? Rara kidogo upumzike." Naanza tena. Hapana, hakuwa anavuta hivyo. Naanza tena. Nikasikia mlangoni, "Habali za kazi, Baba Minza."

Minza, sikumsahihisha. Ilinikera kama jiwe kwenye kiatu, lakini sikumsahihisha. Nikasema, "Nzuri, Mama Kulwa, karibu."

Akaweka kitambulisho mezani. Akasema, "Nimesimama hapa nje nikaogopa kuingia. Nilidhani nimemsikia mama yako, malehemu."

"Ni mimi nilikuwa nasoma."

"Basi soma tena," akasema. "Kopi yangu itasubili."

Nikasoma tena, mbele yake. Ukurasa wa tisa. Ukishika karamu hutarara njaa. Mama Kulwa akafuta macho kwa kanga, akasema, "Ndiyo yeye huyo." Nami nikageukia mashine nikajifanya imekwama karatasi, maana yaliyokuwa yakinitoka machoni hayakuwa ya mtu wa kuhudumia wateja. Miaka mitano yote hiyo nilikuwa sijamlilia mama yangu.

Sasa nikuambie kitu kuhusu hiyo kazi unayoiendea, halafu ninyamaze.

Uliposema unataka uhariri, na kwamba siku moja utafungua uchapishaji wako hapa hapa Mwanza, nilikupinga. Nilisema nani hapa Mabatini atanunua kitabu, mimi nauza madaftari na kopi na ndiyo mwisho wao. Nilikuambia ualimu una uhakika. Haikuwa kweli kwamba nawaza uhakika. Niliogopa watakucheka. Nilikuona umesimama mbele ya watu wa Dar wenye Kiswahili cha kuteleza, ulimi wa Magu ukakuchomoka, na chumba kizima kikaangua kicheko. Ndiyo maana nilikunoa R tangu una miaka mitatu, mpaka mama yako akaniuliza kama namlea mtoto au redio.

Leo naogopa jambo jingine, na ndilo linaloniinua kwenye hiki kiti. Naogopa kwamba hawatakucheka hata kidogo. Utasema vizuri, utaandika vizuri, watakuchagua, watakupa meza na kalamu nyekundu, na siku moja utaletewa maneno ya mtu kutoka Ukerewe au Kwimba au wapi, na mkono wako utaanza kwenda peke yake. Utakuwa hodari. Utakuwa hodari kama mimi.

Sikuambii usisahihishe. Yako makosa ambayo ni makosa, na mwandishi anayekuletea kazi chafu mrudishie, usimwonee haya. Lakini kuna neno litakalokuwasha vidole, na hapo ndipo unyanyuke kama mimi leo, uzunguke meza, unywe maji, umtafute mwenye neno umuulize. Mimi nilipewa penseli ya kazi hiyo nikiwa kijana, nikaifungia kwenye droo. Ile droo ninayoifungua na kuifunga tangu mchana, ndimo ilimo.

Nimeitoa. Imebaki fupi kama kidole, sijui nani alikuwa akiichonga, labda wewe ulipokuwa mdogo. Nimeitumia kwenye nakala yangu mahali patatu. Kote kwingine namsikia bibi vizuri, lakini hapo sina hakika uliandika nini. Ukurasa wa nne, sijui alisema barua au balua. Wa sita, mwalimu au mwarimu. Na ule wa mwisho, anapomuaga mjukuu anayekwenda shule ya bweni, sijui alisema utarudi au utaludi. Nimechora alama ya kuuliza pembeni. Ni alama za kwanza za kuuliza nilizowahi kuchora maishani mwangu, na nimezichora vibaya, zinafanana na ndoano.

Zile za kaki usizipeleke. Zilete hapa. Ukishasoma barua hii, kama utaweza kunitazama, njoo dukani na flashi yako. Sifungi. Mashine nimeiwasha ipate moto, karatasi nimeshaipanga. Utakaa kwenye kiti changu, utaniambia hayo matatu, na lingine lolote nililolikosea, nami nitabonyeza unachosema wewe. Kumi zinakwisha ndani ya saa moja. Kama huwezi kunitazama, nitaelewa. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mpe mama yako ujumbe wa maneno matatu tu, nami nitazichapa peke yangu nikuwekee hizo nakala mlangoni.

Lakini njoo, mwanangu. Nakuomba. Nimekwisha kumkatiza mmoja kabla hajamaliza, nawe sitaki uondoke hujaniambia ulichotaka kusema.

Ndani ya bahasha nimekuwekea vitu viwili. Penseli ya Mzee Joakimu, ichonge kwa uangalifu, haina urefu wa kupoteza. Na karamu yangu nyekundu.

Nimeliona hilo neno. Liache hivyo hivyo.

Baba yako